Aliyemfuata Mwenziwe Ng'ambo

Katika darsa yetu ya baada ya Isha liliulizwa swali ambalo kwa dhahiri yake lilikuwa la fikihi, lakini ndani yake mlikuwa na jambo zito kuliko fikihi. Muulizaji alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya sekondari. Mkewe, ambaye ni muuguzi, amepata kazi katika hospitali moja ya Uingereza, na bwana huyu alikuwa katika kufunga mizigo ili amfuate. Akasema: "Nikifika huko nami sina kazi, ikawa kodi ya nyumba yalipwa na mke wangu, je, katika nyumba hiyo nitakuwa mwenyewe au nitakuwa mgeni?" Baadhi ya waliohudhuria walicheka. Sisi hatukuona mahali pa kucheka, na tukaahidi kwamba jawabu tutaliandika, kwani si yeye peke yake anayelihitaji.

Kufuatana si jambo geni katika pwani yetu. Bibi zetu walitoka Lamu wakaolewa Mombasa, wakatoka Mombasa wakaolewa Unguja, na wengine wakavuka bahari mpaka Maskati. Lakini aliyefuata zamani mara nyingi alikuta huko aendako lugha anayoijua, na jamaa waliomtangulia, na jirani wa kumpelekea sahani ya chakula. Leo njia imegeuka. Mwezi wa Julai 2021 serikali ya Kenya na ya Uingereza zilitia sahihi mapatano ya kupeleka wauguzi na wahudumu wengine wa afya, na mwezi wa Septemba 2024 Kenya ikapatana na Ujerumani juu ya wafanyakazi wenye ujuzi. Na kwa kuwa wauguzi wetu wengi ni wanawake, limetokea jambo ambalo wazee wetu hawakulizoea, nalo ni mume kumfuata mke. Wako bado wanawake wengi wanaowafuata waume zao, nao tutawafikia.

Natuanze na jina. Serikali inapomtaja mtu huyu katika sharia za viza humwita mtegemezi. Jina hilo ni la afisini, halikukusudiwa kumtukana mtu, lakini majina hufanya kazi yake polepole. Mtu huitwa mtegemezi katika karatasi, kisha huitwa hivyo na jamaa kwa mzaha, kisha siku moja hujiita mwenyewe. Na sisi Waswahili tuna methali yetu juu ya mtegemea cha nduguye, ambayo kila mtu aijua mwisho wake.

Si kwamba amezuiwa kufanya kazi. Mume au mke wa muuguzi aliyesajiliwa aruhusiwa na sharia ya Uingereza kufanya karibu kazi yoyote aipatayo. (Walioajiriwa kuwatunza wazee walikatazwa kuja na waume, wake au watoto tangu tarehe 11 Machi 2024, na mwezi wa Julai 2025 kuajiri watu wapya wa kazi hiyo kutoka nchi za nje kukasimamishwa. Hao msiba wao ni wa kutengana, wala sio tunaouzungumza leo.) Basi ruhusa anayo, ila kazi ndiyo hana. Mke alipokwenda alikuwa ametengenezewa njia: alifanya mtihani wa Kiingereza na mtihani wa ujuzi, akafika akafanya mtihani wa vitendo, akasajiliwa na baraza la wauguzi la nchi ile, na hospitali ilikuwa yamngojea. Mume hakuna anayemngojea. Shahada yake hakuna anayekana kwamba ni shahada, lakini kila mlango aupigao huulizwa kama amewahi kufanya kazi katika nchi ile, na jawabu ni kwamba hajawahi, na hatawahi mpaka mmoja wao amwajiri kwanza. Leseni yake ya kuendesha gari yamtosha kwa miezi 12 tangu aanze kukaa huko, kisha hana budi kufanya mtihani upya kama kijana wa miaka 17.

Hayo ni mambo ya nje, na mwenye subira huyavuka. Tunalotaka ndugu msomaji alitazame vizuri ni lile ambalo halionekani. Mwalimu huyu alipokuwa akitoka nyumbani kwake asubuhi, kabla hajafika kituo cha matatu alikuwa amekwisha kuitwa "Mwalimu" mara nne au tano. Muuza maandazi alimwita hivyo, mzee wa mtaa alimwita hivyo, na vijana aliowafundisha walimwamkia kwa heshima. Mshahara wake haukuwa mkubwa. Lakini kazi haikuwa ikimpa mshahara tu. Ilikuwa ikimpa mahali pa kusimama mbele za watu. Sasa yuko katika chumba cha orofa ya pili, mkewe ametoka alfajiri kwa zamu ya saa 12, na mwezi wa Disemba katika miji ya kaskazini ya Uingereza jua huchwa kabla ya saa kumi. Hakuna amwitaye chochote. Mke arudipo usiku miguu imemvimba, mume ana maneno ya siku nzima ambayo hakupata wa kuambiwa, na mke hana nguvu ya kuyasikia. Hapo hakuna mwenye kosa. Lakini tumeona ndoa zilizovunjika kwa sababu hiyo hasa, na watu wa mtaani wakatafuta sababu nyingine, wakasema amepata mwingine, au Ulaya imemharibu.

Watu wetu wana kauli mbili juu ya mtu huyu, na sisi twaziona zote mbili ni makosa. Kauli ya kwanza yasema kwamba amefadhiliwa: amechukuliwa Ulaya bure, wenziwe wanaitafuta njia hiyo na kuzama baharini, basi ashukuru na anyamaze. Kauli ya pili yasema kwamba amedhulumiwa: amevuliwa uanaume wake (au, akiwa mwanamke, amepotezewa ujana wake), basi aonewe huruma. Wa kwanza wamemfanya mwombaji na wa pili wamemfanya mgonjwa. Hakuna aliyemfanya mtu aliyefanya jambo.

Tutazame khabari ya Asmaa binti Umays, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake. Yeye alihama Makka pamoja na mumewe, Jaafar bin Abi Talib, wakaenda Habash. Nchi ilikuwa ngeni, lugha ngeni, dini ya wenyeji ngeni. Akakaa huko miaka, akazaa watoto huko, na hawakurudi ila mwaka wa 7 wa Hijra, wakati wa Khaybar. Walipofika Madina, Sayyidna Umar alimkuta Asmaa nyumbani kwa Hafsa, akasema maneno ambayo maana yake ni kwamba sisi tumekutangulieni katika Hijra, basi sisi tuna haki zaidi kwa Mtume. Asmaa hakunyamaza. Alikasirika, akamkumbusha kwamba wao walikuwa pamoja na Mtume akiwalisha wenye njaa yao, na hali sisi tulikuwa katika nchi ya mbali, tukiudhiwa na kuogopeshwa. Kisha akalipeleka shauri mbele ya Mtume (s.a.w.), naye akahukumu kwamba Umar na wenziwe wana Hijra moja, na watu wa jahazi, yaani waliotoka Habash, wana Hijra mbili. Khabari hii imo katika Bukhari na Muslim.

Twaomba msomaji aangalie jambo moja. Asmaa alikwenda Habash pamoja na mumewe, na Jaafar ndiye aliyekuwa msemaji wa wahamaji mbele ya Najashi. Ingewezekana kuambiwa: wewe ulimfuata mumeo tu, Hijra ni yake. Hakuambiwa hivyo. Alihesabiwa Hijra zake mwenyewe, mbili kamili, kama zilivyohesabiwa za wanaume. Basi ikiwa kufuata hakukumpunguzia Asmaa kitu mbele ya Mtume, sisi tumepata wapi mizani ya kumpunguzia mtu mwingine? Aliyefuata naye amehama. Amekata mizizi kama alivyokata mwenziwe, na kwa njia moja amekata zaidi, kwani yule alikata ili apande mahali palipokwisha kulimwa, na huyu amekata bila ya kujua atapanda wapi.

Huenda mtu akatujibu: lakini alikubali kwa khiari yake, hakufungwa kamba. Ni kweli. Na mfanya biashara naye huingia katika shirika kwa khiari yake. Wanachuoni wetu wameeleza biashara ya kiradhi, ambayo mmoja hutoa mali na mwingine hutoa kazi yake, na faida hugawanywa kama walivyopatana. Na ikipatikana hasara, mwenye mali hupoteza mali na mwenye kazi hupoteza jasho lake. Hakuna mwanachuoni aliyesema kwamba mwenye kazi ni mgeni katika shirika kwa kuwa hakutoa dirhamu. Basi katika safari hii mmoja ametoa ujuzi ambao nchi ile yautaka, na mwingine ametoa cheo chake, na miaka yake ya utumishi, na watu waliokuwa wakimjua. Hicho ndicho alichotia katika shirika. Tena mtaji wake ni wa namna ambayo ukipotea haurudi, kwa sababu muuguzi akitaka kurudi Mombasa mwakani atarudi na ujuzi zaidi, na mwalimu atarudi nafasi yake imekwisha kushikwa. Kwa hivyo twasema ya kwamba kwa aliyefuatwa hili ni deni. Si sadaka anayoitoa akipenda, wala si ukarimu wa kusifiwa kwao.

Deni hili halilipwi kwa fedha peke yake. Aliyefuatwa hulilipa kwa kuacha zamu moja ya ziada ili mwenziwe aende masomoni, hata kama zamu hiyo ina pauni nyingi. Hulilipa kwa kumpeleka kwa watu na kumtambulisha kwa jina lake na kazi yake, wala si kwa kusema "huyu ni mume wangu" kisha akanyamaza. Hulilipa kwa kumshirikisha katika hesabu ya nyumba, asiwe ni mtu wa kuomba nauli ya basi.

Sasa tuje kwa bibi zetu, kwani huko ndiko dhulma ilikozidi. Mwanamume aliyetulia Uingereza akitaka kumleta mkewe hutakiwa aonyeshe pato la mwaka. Tangu mwaka 2012 kiasi kilikuwa pauni 18,600, na tarehe 11 Aprili 2024 kikapandishwa hadi pauni 29,000. Hulipa ada ya viza, na juu yake ada ya matibabu, ambayo tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa kila mwaka. Ni fedha nyingi, na mtu aliyezilipa amefanya juhudi. Lakini tumewasikia waume wanaozifanya fedha hizo kuwa ni mnyororo. Kila mke asemapo neno huambiwa: "Mimi ndiye niliyekuleta." Pasipoti yake imefungiwa kabatini. Akitaka kwenda darasa la Kiingereza huambiwa kwamba mwanamke wa Kiislamu hukaa nyumbani. Na kodi ya nyumba ikipanda, bwana huyo huyo humtafutia kazi ya kufagia ofisi usiku, na hapo hatusikii tena fatwa yoyote.

Ndugu zetu, nafaka ya mke ni faradhi juu ya mume, na mahali pa kukaa ni sehemu ya nafaka. Aliyemtoa mke kwa wazee wake akamweka katika nchi ya baridi amejiongezea wajibu, hakujiongezea mamlaka. Na ambaye hutoa kisha akasimbulia, Qur'ani imekwisha kutuambia katika Suratul Baqara hali ya sadaka yake. Itakuwaje basi kwa anayesimbulia kitu ambacho si sadaka bali ni haki ya mwenziwe? Wazazi wa Mombasa na Malindi wanaowaoza binti zao kwa picha na simu wajue pia kwamba ruhusa ya binti kukaa kule imefungamana na ndoa yake. Na binti mwenyewe ajue kwamba tangu mwaka 2002 sharia ya uhamiaji ya Uingereza imempa mke ambaye ndoa yake imevunjika kwa sababu ya kupigwa na kuteswa njia ya kuomba abakie. Yuko mume anayemtisha mkewe kwamba akisema atarudishwa kesho, naye hasemi kweli.

Turudi kwa mume aliyefuata. Aliuliza juu ya nafaka. Jawabu ni kwamba nafaka haikumtoka. Aya ya 34 ya Suratun Nisaa yaeleza wajibu huo, nao haukuandikwa kwa mwenye bahati peke yake. Lakini asiyeweza hakukalifishwa asiloliweza, na kutafuta kwa bidii ndiyo sehemu yake. Na anachokitoa mke katika wakati huo kina hukumu yake iliyo wazi. Zaynab, mke wa Abdullahi bin Masuud, alikuwa akimtumilia mumewe na mayatima waliokuwa katika ulezi wake kutokana na mali yake, akapeleka swali kwa Mtume (s.a.w.) kama hilo lamtosha kuwa sadaka. Akajibiwa kwamba ana malipo mawili, ya ujamaa na ya sadaka. Katika jawabu hilo mna mambo mawili ya kushikwa pamoja. Mume hana haki ya kudai mshahara wa mkewe, kwani sadaka haidaiwi. Na mke aliyetoa kwa wema asiigeuze kuwa fimbo. Ibn Masuud hakuacha kuwa Ibn Masuud kwa kula chakula cha mkewe, na watu waliendelea kumwendea kwa elimu yake.

Ama kazi za nyumbani, tumeshangaa kwamba bado lahitajika kuelezwa. Bibi Aisha aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, akasema alikuwa katika utumishi wa ahali yake, na wakati wa sala ukifika hutoka. Mwalimu akimpikia mkewe aliyesimama saa 12 wodini hajavuliwa kitu.

Lililo gumu zaidi ni kazi ya chini. Mwenye shahada hupata kazi ya kupanga sanduku katika ghala, au ya kusaidia darasani ambapo mwalimu aliye mdogo wake kwa miaka kumi ndiye anayemwamrisha. Aikubali? Twasema aikubali, maadam ni ya halali. Nabii Musa, aliyelelewa katika nyumba ya Firauni, alichunga wanyama katika nchi ya Madyan, na mkwewe ndiye aliyekuwa mwajiri wake. Kisa hiki husomwa sana kwa ajili ya kuonyesha unyenyekevu, na ni sawa. Lakini sisi twaona liko jambo ambalo wasemaji hulipita: mapatano yale yalikuwa na muda. Miaka minane, na akitaka kutimiza kumi ni khiari yake. Musa alijua siku ya kuanza na siku ya kwisha, na muda ulipotimia aliondoka na ahali yake.

Wengi wa wenzetu wamekubali kazi ya chini bila ya muda. Walisema "kwa sasa tu", na "kwa sasa" ikawa miaka tisa. Hatuwalaumu, kwani mshahara wa ghala huja kila mwezi, na mtihani wa kusajiliwa upya katika taaluma yako wataka fedha, na usiku wa kusoma, na moyo wa kuanguka ukainuka. Walakini kama ilivyo haramu kwa mwajiri kumficha mfanyakazi sharti za kazi, basi si vizuri mtu kujificha yeye mwenyewe muda wa kazi yake. Auseme kwa mdomo mbele ya mkewe: nitafanya hii miezi 18, na katika miezi hiyo nitafanya kadha wa kadha. Na mke naye awe shahidi wa muda huo, ausaidie usipite.

Je, haya yaandikwe? Wanachuoni wamekhitalifiana juu ya sharti la mke kwamba asitolewe katika mji wake. Mahanbali wamesema ni sharti lenye kufunga, na mume akilivunja mke ana khiari ya kuivunja ndoa. Wenzetu Mashafii hawalioni kuwa lafunga, na ndoa ni sahihi bila yake. Lakini hakuna madhehebu yaliyokataza watu wawili kukaa na kupatana kabla ya safari, na Mtume ametufundisha kwamba masharti yaliyo na haki zaidi ya kutekelezwa ni yale yaliyohalalisha ndoa. Basi sisi twawashauri wote wawili, mume awe ndiye mwenye kufuata au mke, waandike karatasi moja kabla ya kukata tikiti: nani atasoma kwanza, kwa muda gani, nani atakaa na watoto, na ni lini watakaa tena kuamua kama wabaki au warudi. Wakiiandika mbele ya mzee mmoja wa kila upande ni bora zaidi. Itawaokoa na mabishano ya usiku wa manane ambayo kila mmoja hukumbuka ahadi aliyoahidiwa na kusahau aliyoitoa.

Na kwa anayefuata, yako mambo ya kufanya akiwa bado hapa, kwani akiwa kule yatamgharimu miezi. Achukue chuoni kwake orodha rasmi ya masomo na alama, si cheti peke yake. Aliye mwalimu achukue barua ya utumishi kutoka Tume ya Kuwaajiri Walimu. Achukue cheti cha tabia njema cha polisi, kwani kazi za shule na za kuwahudumia wagonjwa huulizia cha nchi aliyotoka. Iko afisi kule iitwayo UK ENIC, ambayo kwa malipo hulinganisha vyeti vya nchi nyingine na vya kwao. Maombi yaweza kupelekwa kabla ya kuondoka. Leseni ya gari aihesabie miezi yake tangu siku ya kwanza. Na vyeti vya asili avichukue mkononi ndani ya ndege, asivitie katika sanduku.